Jinsi ya Kuitazama Filamu ya Siddhartha kwa Kuanzia Kwenye Riwaya

Anza na kitabu. Hermann Hesse alikichapisha kwa Kijerumani mwaka 1922, nacho ni kifupi, kinamalizika kwa jioni chache. Filamu aliyoiongoza Conrad Rooks, iliyotoka mwaka 1972 na kuchezwa kwa Kiingereza na waigizaji wa Kihindi, inakwenda mbio: kijana Siddhartha anamwacha baba yake Mbrahmini, yaani wa tabaka la makuhani wa Kihindu, anaishi na watawa wa msituni, anampenda kahaba Kamala, anatajirika kwa mfanyabiashara Kamaswami, na mtazamaji asiyeijua hadithi hatambui kinachomsukuma.

Unaposoma, tia alama mahali Siddhartha anapozungumza na Buddha. Hayapingi mafundisho yake, bali anamwambia kwa heshima kwamba kile Buddha alichokipata saa ya kuzinduka hakiwezi kupokewa na mwingine kwa maneno. Ndiyo maana rafiki yake Govinda anabaki na Buddha, naye Siddhartha anaondoka. Kitabuni hoja hiyo inajengwa hatua kwa hatua, ilhali kwenye filamu Shashi Kapoor, anayemwigiza Siddhartha, analazimika kuibeba kwa uso na mwendo wake, na kwa maoni yangu anaiweza zaidi anaponyamaza kuliko anaposema. Mtazame hasa anaposikiliza.

Kisha uupe mto nafasi yake. Mpigapicha alikuwa Sven Nykvist, Msweden aliyefanya kazi miaka mingi na mwongozaji Ingmar Bergman, na picha zilipigwa kaskazini mwa India, zikiwemo za Rishikesh, mahali mto Ganga unapotoka milimani. Usizirukishe picha hizo kwa kudhani ni mapambo, kwa sababu riwaya nzima inaelekea hapo: Siddhartha anataka kujitosa majini, anaisikia Om, silabi takatifu ya Wahindu, analala usingizi mzito, na baadaye mvushaji Vasudeva anamzoeza kuusikiliza mto mpaka sauti zake zote, za kilio na za kicheko, zikawa moja. Hapo pia sikiliza nyimbo za Kibengali za Hemanta Mukherjee. Katika wimbo O Nadi Re mwimbaji anausemesha mto na kuuuliza swali, na hata asiyejua Kibengali ataisikia haja iliyomo katika sauti ile.

Filamu ina picha za Kamala akiwa uchi, kwa hiyo usiiweke watoto wakiwa sebuleni.

Ukimaliza, rudi kwenye sura za mwana wa Siddhartha, yule anayemkataa baba yake na kutoroka, kama baba mwenyewe alivyoondoka kwao ujanani. Filamu inapita haraka mno hapo, nami nauona kuwa ndio upungufu wake mkubwa, kwani utulivu wa mzee yule kando ya mto hauji kabla ya kidonda hicho. Ukiitazama na wenzako, mzungumzieni kwanza mtoto huyo, ndipo mfike kwenye Om.