Prefer, would rather na wenzao: kusema unachopendelea kwa Kiingereza

Nchini Uganda mwanafunzi hukutana na vitenzi hivi mapema, kwenye maswali ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya kuandika upya sentensi. Kinachomkosesha alama huwa neno dogo linalofuata kitenzi.

Tuanze na *prefer*. Sisi husema "napenda matoke kuliko posho", na hilo "kuliko" ndilo linalotuponza, kwani kichwani hugeuka *than*. *Prefer* hufuatwa na *to*: *I prefer matoke to posho.* Vikiwa vitendo viwili, vyote vichukue *-ing*: *I prefer walking to riding a boda boda.* Usiongeze *more*. Maana ya "zaidi" imo tayari ndani ya kitenzi. Wala usiseme *I am preferring*. "Ninapendelea" yetu inatosha kote, lakini Kiingereza sanifu husema *I prefer* tu. Katika kuandika, *preferred* ina r mbili katikati, *preference* ina moja.

*Than* ina mahali pake, napo ni kwenye *would rather*, ndugu wa "afadhali" yetu. Hapo kitenzi hubaki kitupu, bila *to* wala *-ing*: *I would rather walk than ride a boda boda.* Jizoeze kuigeuza sentensi hiyo iwe ya *prefer*, kisha uirudishe. Ukibadilisha kiunganishi ukasahau umbo la kitenzi, sentensi nzima imeharibika.

Ugumu hasa uko pale unapotaka mwingine ndiye atende. "Afadhali ulipe kesho" huwa *I would rather you paid tomorrow.* *Paid* ina sura ya wakati uliopita, ingawa malipo ni ya kesho. Ukiandika *pay*, mtahini atakukata. Kukataza ni vivyo hivyo: *I would rather you didn't smoke here.*

*Would like* ni "ningependa", nzuri dukani na ofisini: *I would like to buy two kilos of rice.* Ukisema *I like to buy*, muuzaji ataelewa unaeleza mazoea yako. *Feel like* hutaka *-ing*: *I feel like eating a rolex* (chapati iliyoviringishwa na mayai), yaani una hamu nayo sasa hivi.

Jihadhari na *had better*. Nayo hutafsiriwa "afadhali", na ikifupishwa huwa *'d* kama *would*, lakini ni onyo: *You'd better boil the water* humaanisha usipoyachemsha maji utaugua.