Somo: Kuomba ruzuku ya serikali ya kukarabati jengo la kikundi

Nimekuwa mweka hazina wa kikundi kwa miaka mingi. Baadaye nikaombwa kukaa upande wa pili wa meza, kusaidia kuchambua maombi ya wenzetu. Huko nikaona kwamba maombi mengi hayaangushwi na ubaya wa mradi, yanaangushwa na karatasi, tena karatasi ambazo fomu inazitaja ukurasa wa mwisho, mwombaji akiwa ameshachoka. Ndiyo maana mpangilio wangu haufuati fomu.

Hatua ya 1: Jengo ni la nani?

Anzeni hapa, hata kabla ya kuzungumzia bati. Fedha ya umma haitakiwi kuishia kuezeka nyumba ya mtu binafsi, kwa hiyo swali la umiliki litaulizwa tu. Kama jengo ni lenu, hati iwe kwa jina la kikundi au la wadhamini wake. Kama mmepanga, watoa ruzuku watataka mkataba wa pango wenye miaka ya kutosha iliyobaki baada ya ukarabati kuisha, pamoja na barua ya mwenye jengo inayotaja kazi yenyewe: kubadilisha paa, kujenga choo, kuweka njia ya kiti cha magurudumu. Barua inayosema "nawaruhusu kufanya marekebisho" haitoshi. Na yale maneno ya "mzee alitupa kiwanja kwa mdomo, kila mtu anajua" yapelekeni kwa mwanasheria kwanza, yawe maandishi.

Papo hapo tazameni karatasi za kikundi: cheti cha usajili ambacho muda wake haujaisha, katiba yenye kifungu kinachoeleza mali itakwenda wapi kikundi kikivunjika, na akaunti ya benki inayotoa fedha kwa saini za watu wasiopungua wawili. Jina lililo kwenye cheti liwe hilohilo benki, neno kwa neno. Nimeona ombi zuri likirudishwa kwa sababu cheti kilisema "Kikundi cha" na akaunti ikasema "Umoja wa".

Hatua ya 2: Soma tangazo na kalamu mkononi

Piga mstari chini ya vitu vinavyolipiwa na visivyolipiwa. Ruzuku za majengo kwa kawaida hazilipi mishahara, kodi ya pango wala bili ya umeme, na nyingine hutofautisha ukarabati na ujenzi mpya. Kama hamjaelewa, pigeni simu kabla ya kuandika. Maofisa huulizwa kila siku, hamtaonekana wajinga.

Hatua ya 3: Pima, ndipo ukadirie

Hapa ndipo vikundi hupenda kuruka. Mtu anaandika "njia ya walemavu" halafu anaweka bei ya kubahatisha. Chukua utepe. Tuseme mlangoni kuna ngazi tatu, kila moja sentimita 15. Jumla ni sentimita 45 za kupanda. Mteremko unaotumiwa sana kwa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo mnahitaji mita 5.4, mbali na sehemu tambarare pale juu, ili mtu asirudi nyuma kwa magurudumu wakati anavuta mlango. Sasa pima uwanja ulio mbele ya mlango. Ukikuta mita tatu tu kabla ya kufika barabarani, basi njia lazima ipinde, na njia inayopinda ina saruji nyingi zaidi, kingo nyingi zaidi na siku nyingi zaidi za fundi. Bora mjue leo kuliko kujua fedha ikiwa imeshaingia.

Pia fuateni mpangilio wa jengo lenyewe: paa kwanza, halafu maji na umeme, rangi mwisho. Kikundi kinachoomba rangi huku dari ina madoa ya mvua kinajishtaki chenyewe kwenye picha zake.

Hatua ya 4: Hesabu

Tafuteni bei kutoka kwa mafundi au wauzaji watatu, na wote wapewe karatasi moja ya kazi. Mmoja akikadiria bati nene na mwingine nyembamba, hamjalinganisha chochote. Ulizeni kama bei ina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake. Kikundi ambacho hakijasajiliwa kwa kodi hiyo hakirudishiwi, kwa hiyo lazima iwemo kwenye bajeti. Wekeni na fungu la dharura, kama tangazo linaruhusu. Majengo ya zamani huficha mambo chini ya sakafu.

Halafu mchango wa kikundi, ambao watu wanaukosea kila mwaka. Tangazo likisema mchangie asilimia 20 ya gharama yote, na mradi ni 50,000, ruzuku ni 40,000 na mchango wenu ni 10,000. Wengi huchukua asilimia 20 ya ile ruzuku, wanaandika 8,000, na jumla inagoma. Kama nguvukazi inakubaliwa kuwa mchango, andikeni saa, kiwango cha malipo kwa saa na daftari la kusaini. "Wanachama watasaidia" haina thamani kwenye jedwali.

Hatua ya 5: Eleza tatizo

"Ukumbi wetu ni chakavu" ni sentensi niliyoisoma mpaka nikaota nayo. Jaribu hivi: "Mvua ikinyesha, upande wa mashariki haukaliki. Darasa la kushona la watu 18 huhamishiwa kwenye veranda au huahirishwa." Ambatanisha kurasa za daftari la mahudhurio zinazoonyesha siku hizo. Weka picha ya ndoo chini ya tundu, iwe na tarehe, na kumbuka uliposimama ulipoipiga. Kazi ikiisha utasimama palepale upige nyingine.

Hatua ya 6: Subiri

Msinunue kitu. Msilipe malipo ya awali. Ruzuku nyingi hazilipi gharama iliyoingiwa kabla ya mkataba kusainiwa. Sisi tulipigiwa simu ya pongezi, tukakimbilia bati siku hiyohiyo kwa kuogopa bei kupanda. Barua ilikuja wiki mbili baadaye na tarehe yake. Mkataba ulikuwa wa baadaye kuliko risiti zetu, na gharama ya bati lote ikabaki juu yetu. Sikumlaumu mtu, kosa lilikuwa langu na funguo za sanduku zilikuwa kwangu.

Hatua ya 7: Fedha ikiingia

Faili moja, risiti zote, kila malipo yawe na kumbukumbu ya kikao iliyoyaidhinisha. Mara nyingi fedha huja kwa awamu, na awamu ya pili haitoki mpaka ripoti ya kwanza ikubaliwe. Mwambieni fundi hivyo mapema, kabla hajaanza kudai.

Maswali ya wanachama

Sisi hatujasajiliwa bado, tukae tu?
Hapana. Baadhi ya mifuko ya ruzuku hukubali kikundi kilichosajiliwa kipokee fedha kwa niaba yenu. Andikianeni mkataba: nani anatunza fedha, nani anaidhinisha, na vitu vitakavyonunuliwa ni vya nani.

Shikamoo mama. Fundi mwenye bei ya chini ni mdogo wake mwenyekiti. Tumwache?
Marahaba mwanangu. Si lazima. Mwenyekiti atangaze undugu huo kikaoni, atoke nje mkijadili, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Kisha mjulisheni mtoa ruzuku kwa maandishi kabla ya kusaini na fundi. Mkificha, ataonekana mwizi hata kama hakuiba.

Bei zimepanda tangu tuombe. Tunaweza kupunguza choo kimoja?
Andikeni barua kwanza, subirini jibu. Kupunguza kimyakimya ni kuvunja mkataba, na mnaweza kuambiwa mrudishe fedha.

Kuna mtu anataka asilimia kumi ya ruzuku ili atuandikie ombi.
Mkataeni. Malipo ya namna hiyo kwa kawaida hayalipiki na ruzuku, kwa hiyo yatatoka mifukoni mwenu.

Tumekataliwa mara mbili.
Mliomba sababu? Ombeni kwa maandishi. Mkishaipata, zirudieni karatasi za Hatua ya 1 kabla ya kugusa maelezo ya mradi. Kama mkataba wenu wa pango unaisha mwakani, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo, na mwenye jengo.