Mtoto ana selimundu: namna ya kumwombea utaratibu wake shuleni

Juzi nilimsindikiza wifi yangu shuleni. Mwanawe ameanza darasa la kwanza na ana selimundu, hii tunayoiita sikoseli. Wangu yuko darasa la sita, ana ugonjwa huohuo. Tulipotoka, wifi akaniambia niyaandike haya, maana wanaohangaika ni wengi. Nimeandika kwa shule za msingi za kutwa, kama hizi zetu za Mwanza.

Hatua ya 1: Barua ya kliniki

Iombe kabla shule hazijafunguliwa, iwe na mhuri. Usipokee barua ya "mtoto huyu ni mgonjwa, asaidiwe." Mwalimu ataifanyia nini? Mwombe daktari ataje mambo manne: anywe maji darasani, aruhusiwe chooni kila akiomba, asikimbie mchakamchaka wala kufanya kazi nzito juani, avae sweta hata kama wenzake hawajavaa. La choo lisiachwe. Figo za watoto hawa hazizuii maji vizuri, mkojo unakuwa mwingi, na mtoto anayenyimwa ruhusa huacha kunywa maji ili asiaibike. Maji yakipungua mwilini, chembe za damu hujikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, maumivu yanaanza.

Hatua ya 2: Mwalimu mkuu

Nenda mwenyewe. Mwachie nakala, nyingine igongwe mhuri wa shule urudi nayo.

Hatua ya 3: Mwalimu wa zamu

Hapa ndipo nilipoumia. Nilidhani mwalimu mkuu akishajua, shule nzima imejua. Wiki ya tatu mwanangu alikimbizwa mchakamchaka asubuhi ya manyunyu, akachapwa kwa kubaki nyuma. Usiku ule tulilala wodini, tukakaa siku sita. Aliyemchapa ndiye aliyekuwa zamu wiki ile, na barua yetu ilikuwa imefungiwa kabatini. Hakuna aliyemwambia.

Zamu hubadilika kila wiki, kwa hiyo maelezo yawe pale ratiba ya zamu ilipo. Andika ukurasa mmoja kwa mkono, herufi kubwa: jina, darasa, picha ndogo ya mtoto, yale mambo manne, na namba za watu wawili wanaopokea simu kweli. Itie kwenye nailoni. Omba ibandikwe ofisi ya walimu. Ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi siuamini kabisa, jioni haupo tena, umefunikwa na michango.

Ila muulize mtoto kwanza. Wangu alikataa picha yake ionekane na wanafunzi wanaopeleka madaftari ofisini, na alikuwa na haki. Tukaibandika ndani ya jalada la daftari la zamu, na huko imefanya kazi vizuri zaidi kwa sababu kila wa zamu lazima alifungue.

Ongeza mstari kuhusu macho. Yakiwa ya manjano, ni kwa sababu damu yake huvunjika haraka. Hamwambukizi mtu, asirudishwe nyumbani kwa hilo.

Kiranja anayesimamia mchakamchaka naye aambiwe, lakini aambiwe tu kwamba huyu ameruhusiwa. Ugonjwa haumhusu. Na muhula wote wa kwanza, kila Jumatatu pita kumsalimia mwalimu wa zamu. Ni dakika tano.

Hatua ya 4: Nyuma ya ukurasa ule

Maumivu yakianza: maji, apumzike penye joto, parasetamoli kwa kipimo alichoandika daktari, nipigiwe. Asiwekewe barafu wala kitambaa cha maji baridi.

Hospitali mara moja, bila kumsubiri mzazi: joto la nyuzi 38 au zaidi, kifua kubana au kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, kupauka ghafla huku tumbo likijaa.

Hatua ya 5: Siku anazokosa

Kila akitoka hospitali peleka nakala ya karatasi ya kuruhusiwa, ili mahudhurio yaonyeshe mgonjwa, asiitwe mtoro. Mtafutie mwenzake mwenye mwandiko safi wa kumwazima madaftari. Akiwa darasa lenye mtihani wa taifa, zungumza na mwalimu mkuu mapema, Januari.

Ukurasa uandikwe upya kila mwaka, na kila mwalimu mkuu anapohamishwa. Wetu alihamishwa Agosti. Wiki hiyohiyo nilirudi hatua ya 2 na barua yangu mkononi.