Namna ya kukagua picha ya muvi za zamani zilizokarabatiwa, kabla hujaamini neno 4K

Siku hizi kila muvi ya zamani ni 4K, yaani picha yenye pikseli nyingi kuliko HD ya kawaida. Nenda Kariakoo umwambie jamaa wa laiburari akuwekee picha la kihindi la miaka ya 70 au la Bruce Lee kwenye flashi, atakwambia analo, tena 4K, tena limesafishwa, na ukifika home ukaliwasha kweli linang'aa, halina mkwaruzo hata mmoja, na wengi wetu tunaridhikia hapo hapo. Mi nashauri hapo ndio uanze kukagua. Mikwaruzo na vumbi ni vitu rahisi kuviona na rahisi kuvifuta, kwaiyo kutokuwepo kwake hakukwambii kitu kikubwa. Swali ni wakati wanafuta, walifuta na nini kingine.

Anza na TV yako, muvi isubiri. TV nyingi zinatoka kiwandani zikiwa kwenye Vivid au Dynamic, setingi ya kufanya ionekane kali kuliko zile zilizopangwa pembeni yake dukani, sebuleni ni balaa tupu. Weka Filmmaker Mode kama unayo, kama huna weka Movie au Cinema, na rangi chagua Warm hata kama siku ya kwanza utaona kila kitu kina unjano, macho yatazoea. Sharpness ishushe, kwenye TV nyingi kawaida yake ni sifuri au karibu na hapo, ila Sony za sasa kawaida yao ni 50 kwaiyo usiipeleke sifuri ukaja kulalamika picha imefifia. Alafu zima kile kitu cha kulainisha mwendo, Samsung wanakiita Picture Clarity (TV zao za zamani Auto Motion Plus), LG TruMotion, Sony Motionflow, maana filamu zilipigwa fremu 24 kwa sekunde na TV ikianza kubuni fremu za kuchomekea katikati, muvi ya 1966 inaanza kuonekana kama imepigwa na kamera ya harusi. Noise reduction, ile ya kufuta chenga, nayo zima, zote, huwa ziko hata mbili. Na usikague saa saba mchana jua limejaa sebuleni, subiri usiku au funga pazia zito, vivuli vya muvi ya zamani huwezi kuviona na mwanga wa Dar unaopiga kwenye kioo.

Pili angalia faili lenyewe. Kama unatumia laputopu fungua kwa VLC, ile programu ya kuchezea video, ubonyeze Ctrl na J, utaona rezolusheni na kodeki, yaani njia iliyotumika kubana video. Sasa rezolusheni inakupa idadi ya pikseli tu, haikwambii hizo pikseli zimebeba nini, mtu yeyote anaweza kuchukua DVD ya 720 kwa 576 akaivuta mpaka 3840 kwa 2160 na faili likasoma 4K bila aibu. Kwaiyo piga hesabu: chukua ukubwa wa faili kwa GB, zidisha kwa 8,000, gawanya kwa sekunde za muvi, unapata megabiti kwa sekunde. Muvi ya saa 2 ni sekunde 7,200, faili la GB 2 linakupa kama 2.2. Sasa linganisha, DVD mwisho wake ni 9.8, Blu-ray ya kawaida, diski iliyokuja baada ya DVD, video inaruhusiwa kufika 40, na diski ya 4K inaweza kufika 128. Najua kodeki mpya zinabana vizuri kuliko ile ya DVD, ila hakuna kodeki ya miujiza, 4K ya GB 2 ni jina tu.

Zile za kutafsiriwa naziweka pembeni kabisa. Ile ni burudani ya sauti, mtafsiri ndio steringi, na picha yake imebanwa mara ngapi Mungu anajua, kuikagua ni kumuonea mtu. Enjoy tu.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe ambalo watu wanalikosea zaidi, zile chembechembe. Ukiwasha muvi ya zamani iliyoskaniwa vizuri utaona picha nzima inachemka kidogo, vitu vidogo vidogo vinacheza angani, kwenye kuta, kwenye paji la uso, na mtu wa kwanza kupita nyuma yako atasema hii ina chenga. Sio chenga. Filamu ya black and white picha yake imejengwa na chembe za fedha, za fedha kweli, na kwenye filamu ya rangi ile fedha inaondolewa kwenye dawa yanabaki madoa madogo sana ya rangi pale chembe zilipokuwa. Yaani hakuna picha chini ya hizo chembe inayosubiri kufunuliwa, zenyewe ndio picha, kope imechorwa nazo, uzi wa shati umechorwa nazo. Kompyuta ikiambiwa izifute haijui ipi ni chembe na ipi ni kinyweleo, inafuta vyote.

Mfano ambao kila mtu wa mambo haya anaujua ni Predator, ile Blu-ray iliyotoka 2010 wakaiita Ultimate Hunter Edition. Arnold yuko porini, jasho, matope, joto la kufa mtu, lakini uso wake hauna tundu hata moja la ngozi, majani ya nyuma yameyeyuka yamekuwa rangi ya kijani tu. Terminator 2 ya 4K ya 2017 nayo ilipigwa sana kwa ugonjwa huo huo, na mwaka 2024 Aliens na True Lies zikatoka kwenye diski za 4K zikiwa zimepitishwa kwenye programu za kisasa zinazojifunza zenyewe, wengine wakazisifu na wengine wakachukia, mi niko upande wa waliochukia. Na usidhani muvi ikiharibiwa mara moja ndio basi, Spartacus ilitoka kwenye Blu-ray 2010 imelainishwa hovyo, 2015 wakairudia upya kutoka kwenye filamu pana ya awali na tofauti yake hata mtoto anaiona. Kwaiyo ukiambiwa muvi fulani ni mbaya kwenye Blu-ray uliza ni toleo la mwaka gani.

Unapimaje? Tafuta sehemu ambayo uso umejaa kioo chote na mtu anageuza kichwa taratibu. Simamisha. Angalia pale nywele zinapokutana na paji la uso, angalia chini ya macho, angalia kola ya shati. Alafu kwenye VLC bonyeza herufi E, kila ukibonyeza inasogea fremu moja. Chembe za kweli zinabadilika zote kila fremu, hakuna fremu mbili zinazofanana, huku uso ukibaki ule ule. Ukiona chembe zimeganda sehemu moja na uso ndio unateleza chini yake, hapo kuna mashine, yaani programu ya kufuta chembe, imepita. Ukiona uso ukitulia una vinyweleo alafu ukianza tu kusogea vinapotea, mashine tena, na ukiona kivuli cha mkono kinabaki nyuma mkono umeshaondoka, wala usiendelee kupima.

Ila tofautisha mashine na kubanwa. Faili lililobanwa sana linavunjika pale penye shida tu, kwenye moshi, kwenye maji, kwenye anga la jioni linatoa mistari ya ngazi ngazi na vibloku vya mraba, alafu kwenye sura iliyotulia linarudi kuwa zuri. Iliyolainishwa na studio ni laini mwanzo mwisho, mchana na usiku. Ya kwanza tatizo ni nakala yako na unaweza kupata nyingine, ya pili hata ukinunua diski halisi utaikuta vile vile.

Na hizi programu mpya zina dalili zake. Usiangalie steringi, angalia watu wa nyuma kwenye umati, utakuta jicho moja liko juu ya lingine au mdomo umeungana na kidevu. Angalia maandishi ya mbali ukutani, kibao cha duka, yanageuka herufi ambazo hazipo kwenye lugha yoyote. Kope za steringi zimechongoka kupita kiasi na sikio lake limefifia. Hapo usisite kusema mashine imepita.

Ukingo: tafuta sehemu yenye kitu cheusi mbele ya anga jeupe, kofia ya cowboy inafaa sana. Ukiona mstari mweupe umezunguka kofia, waliongeza sharpness kwa nguvu. DVD za zamani karibu zote zina hiyo kitu.

Rangi ndio ngumu maana huna cha kulinganishia. Usimtegemee sana mzee anayekwambia aliiona ukumbi wa sinema wa Avalon au Empress enzi hizo na haikuwa hivi, namheshimu, lakini printi, ile nakala ya filamu ya ukumbini, inayopita kwenye projekta kila siku inachoka na kumbukumbu nayo inachoka. Kingine, printi nyingi za Eastmancolor, filamu ya rangi ya Kodak, zikizeeka rangi inayotangulia kukimbia ni ile ya bluu-kijani, kwaiyo zinabaki na upinki, na ukikuta muvi nzima iko pinki ujue walioskani walichukua printi iliyochoka na hawakuirekebisha. Kipimo changu ni vitu vyeupe. Kanzu, shati, mawingu, meno. Kama hakuna cheupe hata kimoja muvi nzima, kuna mtu aliamua. The Good, the Bad and the Ugly ya Blu-ray ya 2014 ilikuwa skani nzuri ya 4K yenye maelezo kibao ila walimwaga unjano juu yake mpaka anga likaugua, toleo la 2017 la kampuni nyingine likajaribu kurudisha. Na hiyo muvi chembe zake ni kubwa kuliko kawaida kwa sababu ilipigwa kwa Techniscope, mfumo unaotumia nusu ya urefu wa fremu ya 35mm kubana gharama, kwaiyo picha inakuzwa zaidi. Usiilaumu.

Kupaka rangi muvi ya black and white ni jambo lingine kabisa. Mughal-e-Azam ya 1960 sehemu kubwa ilikuwa black and white na vipande vichache vya rangi, 2004 wakaipaka rangi yote. Inapendeza kwa namna yake, ila usiipime kama ukarabati.

Giza: tafuta mtu mwenye nywele nyeusi na koti jeusi usiku. Nywele na koti zikiwa doa moja, vivuli vimezamishwa. Kinyume chake pia ni kosa, muvi nyingi za zamani usiku wake ulipigwa mchana kwa filta na kamera iliyofungwa mwanga, sasa fundi asiyejua akiiangaza unakuta watu wanatembea na taa za mkononi saa nane mchana. HDR, ile picha yenye mwanga na giza vilivyopanuliwa, nayo isikutishe, kwenye TV za bei nafuu HDR mara nyingi inaifanya picha iwe na giza zaidi, jaribu nakala ya kawaida ulinganishe.

Umbo nalo angalia, ila hili fupi. Mistari myeusi juu na chini sio wizi wa picha. Enter the Dragon ya 1973 ni pana, inatakiwa iwe na hiyo mistari, ikijaza TV yako yote basi pembeni pamekatwa. Sholay ilipigwa kwa 35mm ikakuzwa kuwa 70mm, upana wake kwenye 70mm ni 2.2 kwa 1, na huo ndio umbo la ule ukarabati wa 4K ulioonyeshwa Bologna, Italia, 2025 ukiwa na mwisho wake wa awali ambao wakaguzi wa India waliukataa.

Kuna vitu utaviona utafikiri ni ubovu na sio. Pale sehemu moja inapoyeyuka kuingia nyingine picha inafifia ghafla, hiyo ni kwa sababu zamani kitendo hicho kilifanywa maabara kwa kunakili filamu juu ya filamu, kwaiyo pale unaangalia nakala ya nakala. Doa la duara juu kulia ni ishara ya mwendesha projekta kubadili rili. Na kuna muvi ambazo negativu yake, ile filamu halisi iliyokuwa ndani ya kamera, haipo nzima, negativu za zile muvi 3 za Apu za Satyajit Ray ziliungua moto London 1993, wakaokoa walichoweza wakachanganya na nakala nyingine, ukarabati ukatoka 2015. Ukiona kipande kimoja kikali na kinachofuata kimelegea, hiyo ni kazi ya uaminifu, wangeweza kukilainisha kile kikali ili vifanane na hawakufanya.

Ukitaka kulinganisha matoleo 2 piga skrinishoti ndani ya VLC, Shift na S, fremu ile ile kabisa. Picha ya simu uliyoipiga TV alafu ukaituma WhatsApp haina ushahidi wowote. Na usikimbilie kusema DVD yako imekatwa, DVD za PAL, mfumo wa video wa huku kwetu, zinaendesha fremu 25 badala ya 24, muvi ya dakika 120 inaisha kwenye 115 na sauti inapanda kidogo.

Kama unaagiza diski nje kupitia ndugu, Blu-ray yetu Afrika ni rijoni B (rijoni ni kanda ya mauzo ya diski), DVD kwetu Tanzania ni rijoni 5, za Marekani ni A na 1 kwaiyo zinaweza kugoma kwenye deki yako. Diski za 4K hazina rijoni, zinacheza popote, ila hakikisha deki imeandikwa Ultra HD, ile ya Blu-ray ya kawaida haiisomi kabisa.