Trekta ya kufunga beli za nyasi: angalia klachi kabla ya hosipawa

Mtu akitaka trekta ya kuvuta beila, yaani mashine ya kufunga nyasi kuwa beli, swali la kwanza huwa ni hosipawa ngapi. Hosipawa ni muhimu na tutafika huko, lakini kwa hizi beila ndogo za beli za mraba kitu kinachoamua kama utafanya kazi vizuri ama utapigana na mashine kutwa nzima ni klachi, yaani PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine, inafanya nini ukikanyaga ile pedali. Naongea hasa na watu wa Naivasha, Nakuru, Nyandarua, Laikipia na Trans Nzoia, wale wa nyasi ya boma Rhodes na lusini, pia wale wa majani ya ngano Narok na majani ya mpunga Mwea, juu beila ni zile zile na trekta tunazotafuta sokoni ni zile zile.

Kwanza uelewe beila inakula vipi nguvu. Ndani kuna planja, pande zito la chuma linaloenda mbele na kurudi nyuma likisukuma nyasi kwenye chemba, mara nyingi ya inchi 14 kwa 18. PTO ikizunguka mara 540 kwa dakika, planja inapiga kama mara 75 mpaka 100 kwa dakika kulingana na aina ya beila, kila pigo linaongeza kipande kimoja cha nyasi, urefu ukitimia nota, yaani vifaa vya kupiga fundo, zinafunga kamba na beli inasukumwa nje. Sasa kazi kama hii haipendi kukatizwa. Unafika mahali nyasi imerundikana kwenye mstari, unasikia sauti ya beila imebadilika, imeanza kulemewa, na unachotaka hapo ni trekta isimame kidogo lakini beila iendelee kumeza ile nyasi imeshaingia. Kama klachi yako ni moja inayokata magurudumu na PTO pamoja, ukikanyaga vyote vinasimama, planja inabaki imekwama katikati ya nyasi, na ukiachia klachi inabidi iondoke na mzigo wote huo kwa mpigo mmoja. Shia bolti, zile bolti dhaifu zilizowekwa zikatike kabla mashine haijavunjika, zinakatika hivyo, na unashuka na spana kila baada ya mistari miwili mitatu.

Kuna hatari ingine hapo. Beila ina flaiwili, gurudumu zito la chuma linalohifadhi mzunguko, na kwa trekta za zamani ambazo PTO inapitia gia boksi, ukikanyaga klachi ile flaiwili bado inazunguka na inarudisha nguvu kupitia shafti mpaka kwa magurudumu, trekta inaendelea kwenda mbele na wewe umekanyaga klachi mpaka chini. Karibu na mtaro ama fensi hiyo ni hatari kubwa. Kuna klachi ndogo ya kuvalisha kwenye shafti ya PTO inayozuia nguvu kurudi nyuma, na kama umeshanunua trekta ya aina hiyo basi iweke, lakini ujue inaondoa tu kule kusukumwa, haikupi uwezo wa kusimamisha trekta beila ikiendelea kupiga.

Kwa hivyo tafuta klachi ya hatua mbili ama PTO huru yenye levaa yake. Massey Ferguson 240 nyingi zina hatua mbili, ukikanyaga nusu magurudumu yanasimama, ukikanyaga mpaka chini na PTO inasimama. Kujaribu ni rahisi na ufanye mwenyewe, usiambiwe na muuzaji. Washa injini, mahali pa wazi, hakikisha hakuna mtu nyuma na shafti haijaunganishwa na kitu, weka PTO izunguke, tia gia ya chini kabisa utembee polepole, halafu kanyaga klachi taratibu huku mwenzako amesimama pembeni kwa mbali akiangalia. Inatakiwa trekta isimame kabisa na PTO ibaki inazunguka kwa mwendo ule ule. Kama zinasimama pamoja, ama trekta inaendelea kuvuta mpaka PTO pia inaanza kulegea, hiyo klachi ama haijarekebishwa ama imekwisha, na kwa Massey kubadilisha klachi ni kugawanya trekta katikati, kazi ya fundi na pesa ya maana. Ipunguze kwenye bei. Halafu hizi trekta mpya kutoka India, uliza vizuri sana, modeli ile ile inaweza kuja na klachi moja ama mbili na kwa macho huwezi kutofautisha.

Kwa Massey angalia pia levaa ya PTO, ina mahali pa PTO ya injini na mahali pa PTO ya kufuata magurudumu. Beila inataka ile ya injini. Nimeona mtu anahangaika beila inapiga haraka akienda haraka na kusimama akisimama, kumbe levaa iko upande ule mwingine.

Haya, hosipawa. Beila ndogo bila gari la kuvutwa nyuma, yaani beli zinaanguka shambani halafu vijana wanapakia lori kama wengi wetu tunavyofanya, inahitaji kama 35 za PTO kwa shamba tambarare. Za PTO, usichanganye na zile zimeandikwa kwa boneti. Ile ya boneti ni ya injini na ikifika kwa PTO imepungua, kwa makisio chukua asilimia 85. MF (Massey Ferguson) 135 inafika karibu 37 kwa PTO, MF 240 iko kama 41, MF 165 imepita 50, Ford 5000 na 6610 na MF 290 ziko 60 na kitu kwenda juu. Kwa hiyo hata 135 inaweza kuzungusha beila, na watu wamefanya hivyo miaka mingi.

Lakini hizo namba zinapimwa sehemu za chini na sisi tunaishi juu. Hewa ikipungua injini isiyo na tabo, ile ya kusukuma hewa ndani ya injini, inapoteza nguvu, makisio yanayotumika ni kama asilimia 3 kwa kila mita 300 za kupanda. Mwea iko karibu mita 1,150, Naivasha kama 1,900, Kinangop inafika 2,500 na zaidi. Piga hesabu ya Kinangop, unapoteza kama robo, na ile 240 yenye 41 sasa iko 31 hivi, 135 iko chini ya 30. Ndio maana unaona trekta inatoa moshi mweusi mlimani na fundi anabadilisha nozeli na pampu bila kupata ugonjwa. Kama uko juu ya mita 2,000 tafuta 60 kwenda juu kwenye karatasi ama injini ya tabo. Mtu wa Mwea anaweza kutumia ndogo kuliko mtu wa Ol Kalou, ingawa majani ya mpunga ni magumu na yakiwa na unyevu yanachosha beila kuliko boma Rhodes iliyokauka, na shamba la mpunga likiwa bado laini magurudumu manne yanayovuta yanasaidia sana. Ngano ya Narok kavu ni nyepesi, inateleza tu.

Uzito ndio watu wanasahau kabisa. Beila ndogo ina kilo kama 1,200 mpaka 1,700, MF 135 haifiki hata kilo 1,600. Sasa planja ikipiga mara 80 kwa dakika beila nzima inatikisika mbele nyuma na inatikisa trekta nayo, unaketi pale juu unasikia kila pigo kwenye mgongo, shamba tambarare utavumilia lakini ukishuka mteremko beila inaanza kusukuma trekta. Msimamo wangu ni kwamba kwa shamba la mteremko trekta iwe nzito kuliko beila kwa wazi, tani mbili na nusu hivi, na breki zinafanya kazi pande zote mbili na pedali zimefungwa pamoja unaposhuka. Kama trekta ni nyepesi jaza maji kwa tairi za nyuma na weka uzito mbele, itasaidia, lakini maji hayafanyi breki mbovu kuwa nzuri.

Na wale wenye MF 135 ama 165 za Multi-Power, ile ya kubadilisha mwendo bila klachi. Ni nzuri sana kwa beila kwa sababu nyasi ikiwa nyingi unapunguza mwendo na PTO inabaki pale pale. Ila ikiwa kwenye upande wa chini injini haishiki trekta ikishuka, inateleza huru kama umetoa gia. Mteremkoni weka upande wa juu kabla hujaanza kushuka, na uchague gia ndogo mapema. Dereva mgeni mwambie hili kabla hujampa funguo.

Sasa mwendo, hapa ndio gia zinaingia. PTO lazima ibaki 540, huwezi kupunguza mafuta ili uende polepole kwa sababu beila itafunga vibaya, kwa hiyo mwendo unaupata kwa gia tu. Chukua planja ya mara 80 kwa dakika na beli nzuri yenye vipande 16, hiyo ni beli tano kwa dakika. Beli ikiwa kilo 15 unahitaji kilo 75 za nyasi kila dakika. Kama mstari wako una kilo moja kwa mita, hiyo ni mita 75 kwa dakika, kilomita 4.5 kwa saa. Kama umekusanya mistari miwili kwa reki na una kilo mbili kwa mita, unatakiwa kwenda kilomita 2.25 tu. Kwa hiyo trekta nzuri ni ile yenye gia kadhaa kati ya kilomita 2 na 7 ikiwa injini iko kwenye mzunguko wa 540, na hapa gia 12 zinashinda 8. Ukiwa na 8 bado utafanya kazi, ila utakuwa unarekebisha ukubwa wa mstari ufuate gia badala ya gia kufuata mstari. Shambani fungua beli moja uhesabu vipande, ukipata chini ya 10 unaenda haraka na beli itakuwa na umbo baya, ukipita 20 unachoma dizeli bure.

Trekta za kuanzia hosipawa 70 hivi nyingi zina 540E, inakupa 540 injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini. Kwa beila ndogo itumie, nguvu unayo ya kutosha na mafuta yanapungua.

Vitu vingine haraka haraka. Droba, chuma cha nyuma cha kuunganishia beila, iwe ya katikati inayoweza kufungwa isicheze, na kutoka ncha ya PTO mpaka tundu la pini iwe karibu inchi 14, ikiwa fupi shafti inapinda sana kwenye kona na jointi zinakufa. Shafti ya PTO iwe ya inchi 1 na 3/8 yenye meno 6, ile ya meno 21 ni ya mizunguko 1000 na haiingii. Angalia yale meno hayajalika. Beila nyingi za zamani hazihitaji haidroliki hata moja, za kisasa zinaweza kutaka hosi moja, soma beila yako kwanza. Tairi za nyuma zisiwe pana kupita kiasi, maana beila inakaa upande wa kulia na gurudumu la kulia likikanyaga mstari unapoteza nyasi, Massey na Ford za zamani unaweza kugeuza rimu ukapanua ama kupunguza nafasi. Stiaringi ya pawa usiiache, utakuwa unaangalia nyuma begani siku nzima na mkono mmoja tu kwa stiaringi.

Ekzosi iwe ya kusimama juu. Ile ya kulala chini inapuliza moto kwenye nyasi kavu, na kiangazi Laikipia moto ukianza shambani hauna mtu wa kuuzuia. Beba kizima moto kwa trekta na uondoe nyasi zinazojikusanya karibu na injini kila ukisimama.

Kama ni mimi nachagua leo, kwa Naivasha na Nakuru tambarare ningetafuta MF 165 ama Ford ya 60 na kitu yenye klachi nzuri, spea zinapatikana na fundi kila mji. Kwa Kinangop na Molo ningeenda 75 ya tabo, magurudumu manne kama pesa inaruhusu. 240 ni trekta nzuri ya kazi nyingi, itafunga beli kwa tambarare, mlimani sitaichagua. Usinunue 90 ama 100 kwa ajili ya beila ndogo peke yake, planja ikikwama trekta kubwa haitasikia, itaendelea kusukuma mpaka kitu kivunjike ikiwa mtu ameweka bolti ngumu mahali pa shia bolti. Weka zile za kitabu cha beila.

Kabla ya kulipa, omba trekta ijaribiwe na beila nyuma, shambani, angalau nusu saa, si kuwashwa tu pale yadi. Iwashwe ikiwa baridi. Baada ya nusu saa fungua kifuniko cha kujazia oili, moshi ukitoka kwa nguvu ringi zimechoka. Angalia joto, angalia kama PTO inashuka chini ya 540 kila beila ikipata mzigo, angalia oili inayovuja pale PTO inatokea. Na wakati wa kuzibua nyasi iliyokwama, PTO itolewe, injini izimwe, funguo iwe mfukoni mwako, halafu subiri flaiwili isimame kabisa maana inaendelea kuzunguka muda baada ya injini kunyamaza. Kifuniko cha shafti ya PTO kiwe kizima, na hakuna mtu mwenye shuka, leso ama koti refu anayekaribia hapo.