Windows XP au Solaris ya zamani imegoma kuwaka: pa kuanzia

Kompyuta ya zamani ikigoma, haraka ya mafundi wengi ni kupiga Windows upya. Usifanye hivyo. Mashine ya umri huo ikiwa bado inatumika, mara nyingi ni kwa sababu imebeba kitu kisichopatikana tena: programu ya uhasibu ambayo CD yake ilishapotea, au kadi inayoendesha kipimo cha maabara na haina draiva ya Windows mpya. Ukiipiga upya, umekifuta. Anza na umeme, uende kwenye betri ya saa, kisha diski. Programu ndiyo ya mwisho kushukiwa.

Fungua kava uangalie kapasita (vikopo vidogo vya kutunza chaji) za mazabodi. Bodi nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zilifungwa kapasita mbovu. Kichwa kinachotakiwa kuwa bapa huwa kimevimba, au kuna utando wa kahawia umevuja. Dalili zake humpoteza mtu: mashine inawaka baada ya kubonyezwa mara tatu, inaganda ikishapata joto, au inajiwasha upya katikati ya kazi. Badilisha kwa kapasita yenye maikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, ya nyuzi 105 na ya ukinzani mdogo wa ndani. Kapasita ya redio haifai. Mstari wa upande wa hasi ukae ulipokuwa. Pawasaplai ipime ikiwa na mzigo: waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25.

Betri ya saa ni CR2032, ya volti 3. Ikishuka chini ya 2.7, itoe. Watu huidharau kwa kudhani kazi yake ni tarehe tu, kumbe ikifa na umeme ukakatika, mipangilio yote ya BIOS (programu ya bodi inayoiamsha mashine) hurudi ya kiwandani. Kwenye baadhi ya bodi zenye SATA (kiunganishi cha diski), mpangilio huo wa kiwandani ni AHCI, njia mpya ya bodi kuwasiliana na diski; ya zamani ni IDE. Windows XP iliyopigwa katika hali ya IDE haina draiva ya AHCI, kwa hiyo inaanza kuwaka, halafu inaleta skrini ya bluu yenye `STOP 0x0000007B`. Hapo diski ni nzima na Windows ni nzima. Weka betri mpya, ingia BIOS kwa Del au F2, rudisha SATA iwe IDE (bodi nyingine huandika Compatible au ATA), kisha hifadhi.

Sasa diski. Kabla ya amri yoyote ya kurekebisha, ichomoe na uiunganishe kwa adapta ya USB kwenye kompyuta yenye Linux. Usitumie Windows mpya kwa kazi hii, maana itaanza kuandika juu yake bila kukuuliza. Hakikisha jina la diski kwa `lsblk`, kisha (tukichukulia ni sdb):

`smartctl -a -d sat /dev/sdb`

Tazama namba 5 na 197, yaani sekta zilizohamishwa na zile zinazosubiri. Ya 197 ikiwa zaidi ya sifuri, kuna sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Inakili yote kwenye diski yenye nafasi kubwa zaidi:

`ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img nakala.map`
`ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img nakala.map`

Mzunguko wa kwanza unachukua vinavyosomeka kwa urahisi, wa pili unarudia sehemu ngumu mara tatu. Faili la map lisipotee, kwani ndilo linaloiambia amri ilikoishia umeme ukikatika. Wanaokimbilia `chkdsk /r` kwenye diski inayokufa huwa wanaimalizia wenyewe.

Nakala ikishakuwa salama, turudi XP. Ukiona "NTLDR is missing" (faili la kuwashia Windows halipatikani), kwanza chomoa flashi na utoe disketi. Kesi nyingine huishia hapo. Isipoisha, washa kwa CD ya XP, bonyeza R uingie Recovery Console, chagua Windows namba 1, weka nenosiri la Administrator, kisha (ikiwa D ni CD):

`copy d:\i386\ntldr c:\`
`copy d:\i386\ntdetect.com c:\`
`fixboot`
`bootcfg /rebuild`

`fixmbr` iache mpaka zote hizi zishindwe. Kama diski hiyo ina Linux pia, amri hiyo itafuta GRUB, kiwashio cha Linux.

Ujumbe unaotaja `\WINDOWS\SYSTEM32\CONFIG\SYSTEM` maana yake rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) imeharibika, mara nyingi kwa umeme kukatika wakati wa kuandika. Miongozo mingi inakwambia uchukue faili kutoka `c:\windows\repair`. Lile ni la siku Windows ilipopigwa, kwa hiyo draiva zote zilizowekwa baadaye hazimo. Afadhali utumie Linux uingie `System Volume Information`, kwenye folda ya RP (nakala za System Restore) ya karibuni yenye `snapshot`, uchukue `_REGISTRY_MACHINE_SYSTEM`, uipe jina `system`. Lile bovu libadilishe jina tu, usilifute.

XP inayowaka lakini inajikokota? Fungua Device Manager uangalie Primary IDE Channel. Ikiwa imeandikwa PIO (njia ya polepole ya kusoma diski) badala ya DMA (ya haraka), Windows ilikutana na makosa sita ya mawasiliano na diski ikaamua kushusha kasi. Badilisha kebo kwanza (ile ya nyaya 80), ondoa channel hiyo kwa Uninstall, washa upya.

Solaris, mfumo wa Unix wa kampuni ya Sun, ina tabia zake kwenye mashine za SPARC (prosesa za Sun). Stop-A, au Break kama unatumia waya wa serial wa kasi ya 9600, itakufikisha kwenye `ok`, mahali pa kuandika amri nje ya Solaris. Ukiona "The IDPROM contents are invalid" na anwani ya mtandao ni ff tupu, betri iliyo ndani ya chipu ya NVRAM (inayotunza utambulisho wa mashine) imekufa. Kwenye Ultra 5 na Ultra 10 chipu hiyo ni M48T59Y, imekaa kwenye soketi. Kama mashine yako bado inawaka vizuri, andika leo majibu ya `hostid` na `ifconfig -a` kwenye karatasi. Leseni nyingi za programu za enzi hizo zimefungwa kwenye hostid (namba ya utambulisho wa mashine), na chipu mpya huja tupu.

Kujua kama diski inaonekana, andika `setenv auto-boot? false`, `reset-all`, ndipo `probe-scsi-all` au `probe-ide`. Ukiruka reset, uchunguzi wenyewe unaweza kuganda. Ukimaliza, rudisha auto-boot iwe true.

Ikikwambia uendeshe fsck (amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili) kwa mkono, washa kwa `boot cdrom -s`:

`fsck -y /dev/rdsk/c0t0d0s0`

Zingatia rdsk, dsk ni ya mount. Superblock (rekodi kuu ya mfumo wa faili) ikiwa mbovu, jaribu ya akiba: `fsck -F ufs -o b=32 /dev/rdsk/c0t0d0s0`. Kama aliyehariri `/etc/system` alikosea, washa kwa `boot -a`, na ukiulizwa faili la system jibu `/dev/null`.

Na wewe uliyezoea Linux: kwenye Solaris, `killall` ya root inaua michakato yote ya mashine, si ile uliyoitaja tu. `hostname -f` nayo haikuonyeshi jina kamili; inaibatiza mashine jina la "-f".