Namna ya Kutumia Dawa ya Kinga ya Pumu ili Kupunguza Kulazwa na Gharama Zake

Familia nyingi zenye mgonjwa wa pumu hununua inhela ya salbutamol bila kusita, kwa kuwa hufungua njia za hewa ndani ya dakika chache, ilhali huiona dawa ya kinga kuwa gharama ya ziada kwa sababu haileti nafuu ya papo hapo. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Salbutamol hulegeza misuli inayobana mirija ya hewa, lakini haitibu uvimbe ulio ndani ya mirija hiyo, na uvimbe usiotibiwa ndio unaomfikisha mgonjwa wodini. Dawa za kinga, yaani steroidi za kuvuta kama vile beklometasoni, budesonidi na flutikasoni, hupunguza uvimbe wenyewe. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa unaoshughulikia pumu, haupendekezi tena mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa salbutamol peke yake.

Anza kwa kumwomba daktari akuandikie ni inhela ipi ya kinga, ipi ya kutuliza shambulio (kama salbutamol), na utumie kila moja lini. Zipo inhela zenye budesonidi na formoteroli (dawa inayofungua njia za hewa) kwa pamoja ambazo wagonjwa wengine huelekezwa kuzitumia kwa kazi zote mbili, kwa hiyo usifuate maelekezo ya jirani.

Jifunze kuvuta vizuri, maana dawa inayoishia kooni ni fedha iliyopotea. Ikiwa ni inhela ya kupuliza, itikise, toa pumzi, bonyeza mara moja huku ukivuta polepole na kwa kina, kisha zuia pumzi kwa takriban sekunde 10. Kutumia spesa, yaani chombo chenye uwazi kinachounganishwa kati ya inhela na mdomo, husaidia dawa nyingi zaidi kufika mapafuni, hasa kwa watoto. Inhela ya unga haitumii spesa, nayo huvutwa kwa nguvu na kwa haraka. Baada ya dawa ya kinga, sukutua mdomo na uteme maji, ili kuepuka utando mweupe wa fangasi na sauti kukwaruza.

Andika juu ya kopo tarehe uliyolifungua. Kopo lenye dozi 200, kwa mgonjwa anayevuta mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, linapaswa kuisha baada ya siku 50. Likidumu siku 100, nusu ya dozi imerukwa, hata kama mgonjwa anaamini kwamba hutumia kila siku. Hesabu makopo ya salbutamol pia, kwa kuwa kumaliza matatu au zaidi kwa mwaka huonyesha kwamba pumu haijadhibitiwa na kwamba hatari ya shambulio imepanda.

Unapopima gharama, usilinganishe bei ya kopo moja na bei ya kopo jingine. Upande mmoja weka dawa ya kinga ya mwaka mzima. Upande wa pili weka matibabu ya dharura, oksijeni, kitanda, nauli, siku za kazi na za masomo zilizopotea, pamoja na madhara ya vidonge vya steroidi vinavyotolewa kila shambulio linapotokea. Kwa mgonjwa mwenye pumu nyepesi tofauti inaweza kuwa ndogo, lakini kwa aliyewahi kulazwa ni kubwa mno. Ufini ilianza mpango wa kitaifa mwaka 1994 uliosisitiza kutibu uvimbe mapema, na katika miaka 10 siku za wagonjwa wa pumu kulazwa zilipungua kwa zaidi ya nusu, na gharama kwa kila mgonjwa zikashuka kwa takriban theluthi moja.

Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu; daktari huweza kupunguza dozi pumu ikiwa imetulia kwa miezi mitatu hivi. Na mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika kuwa ya bluu, au dawa ya kutuliza ikikosa kufanya kazi, mpeleke hospitalini mara moja bila kufikiria gharama.